Mkweche wa Inchi Themanini

Swali lililo mezani ni la watu wenye nafasi na ubishi: kuna faida gani, na hasara gani, kumiliki leo gari lililoundwa miaka michache tu baada ya Vita vya Pili vya Dunia? Nimeliwekea mipaka. Sitaigusa Morris Minor wala Volkswagen ya kioo cha nyuma kilichogawanyika, ingawa zote mbili zina wapenzi wao. Nimechukua Land Rover ya awali kabisa, Series I yenye inchi 80 kutoka ekseli hadi ekseli, kwa kuwa ni gari la enzi hiyo ambalo hutashangaa kulikuta uani Moshi au Arusha likiwa limefunikwa turubai, kuku wamejitwalia kiti cha abiria.

Wasemaji ni watatu. Simnukuu mtu yeyote. Nimewaunda kutokana na hoja zinazozuka popote gari la namna hii lilipo. Kuna Mwalimu, mstaafu mwenye gari. Kuna Mpwa, binti wa dada yake, mhasibu anayeishi Dar es Salaam. Na kuna Fundi, ambaye ameitwa kama shahidi lakini ana maslahi yake, na msomaji ayakumbuke. Mimi nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

MPWA: Shikamoo, mjomba.

MWALIMU: Marahaba, mama. Kaa hapo kivulini. Nimeambiwa umekuja kuliuza gari langu.

MPWA: Sijaja kuliuza, nimekuja kulipigia hesabu. Mwaka mzima limekwenda kanisani, limekwenda sokoni, limebeba bibi harusi mmoja ambaye gauni lake liliingia grisi. Safari hizo zote ungekodi teksi na chenji ingebaki.

MWALIMU: Lakini gari langu halidaiwi. Tangu 2017, Serikali ilipofuta ada ya leseni ya gari ya kila mwaka na kuihamishia kwenye mafuta, gari likilala halilipi kitu. Na langu linalala sana.

MPWA: Yaani utetezi wako wa kwanza ni kwamba linalala?

MWALIMU: Wa kwanza. Njoo uguse ubavu huu. Miaka sabini na ushei na hakuna kutu. Wale waliolitengeneza walikusudia lidumu.

Hapa siwezi kunyamaza, maana sifa hii hutolewa bila kuuliza historia. Mwaka 1947 Uingereza ilikuwa imeshinda vita ikabaki na madeni. Chuma cha pua kilitolewa kwa mgawo, na kiwanda kilichouza bidhaa nje ndicho kilichopewa fungu nono. Kampuni ya Rover iliunda magari ya mabwana, ambayo soko lake la nje lilikuwa dogo. Mhandisi wake mkuu, Maurice Wilks, alikuwa na shamba kisiwani Anglesey, Wales, na shambani humo alitumia Jeep iliyobaki vitani. Akaona kwamba wakulima watanunua kitu cha aina hiyo, na kwamba kitu hicho kitaziba pengo hadi biashara ya kawaida irudi. Aluminiamu ilikuwapo, kwa kuwa viwanda vya ndege vilikuwa vimepunguza kazi. Paneli zikafanywa bapa ili zikunjwe bila mashine ghali za kufyatulia bodi. Hata ile rangi ya kijani ya magari ya mwanzo inasimuliwa kuwa ilitokana na akiba ya rangi za ndege za kijeshi. Gari likaonyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, bei pauni 450, na paa na milango ukavilipia kando.

Kwa hiyo bodi isiyooza ni mtoto wa uhaba. Waliolitengeneza walitaka lisukume miaka michache tu, wala hawakuwaza kwamba mwalimu mstaafu wa Kilimanjaro angekuja kuwashukuru. Silisemi hili kumvunja moyo Mwalimu. Nalisema kwa sababu wanaopenda magari ya kale hupenda pia kuamini kwamba watu wa zamani walikuwa waadilifu kuliko sisi, na imani hiyo huwafanya wasiangalie chini ya gari.

FUNDI: Mimi naangalia chini. Mwalimu, bodi ni aluminiamu, sawa. Chasisi je? Hiyo ni mabamba ya chuma yaliyochomelewa yakafanya boksi. Maji na tope vikishaingia ndani havitoki, na kutu inaanzia usikoona. Nje unapaka rangi nyeusi, unasema gari zima, kumbe ukuta umebaki kama karatasi. Halafu ule ukuta kati ya injini na miguu yako nao ni chuma. Na pale aluminiamu inapogusana na chuma pakapata unyevu, aluminiamu yenyewe inageuka unga mweupe. Nimeshagusa mlango ukanibaki mkononi.

MPWA: Unaona, mjomba.

MWALIMU: Si ulirekebishe basi, Fundi? Ndiyo uzuri wake. Gari lako la Dar, mama, taa ya njano ikiwaka kwenye dashibodi unafanya nini?

MPWA: Napeleka gereji.

MWALIMU: Wanachomeka kompyuta, wanakutajia sensa, wanakutajia bei. Umewahi kuiona hiyo sensa? Mimi gari likigoma nina maswali mawili: moto upo? Petroli ipo? Nachomoa plagi naitazama. Nafungua kifuniko cha distribyuta, nasugua pointi kwa msasa, napima mwanya wake. Nafungua kabureta napuliza. Betri ikifa kuna hendeli, nazungusha kwa mkono. Gari linalowashwa kwa mkono wa mzee, utalifananisha na la kubonyeza kitufe?

FUNDI: Hapo anasema kweli tupu. Nina vijana wanne wa kujifunza. Gari la kisasa nikifungua boneti wanaona plastiki nyeusi. Hili nikifungua wanaona kila kitu kinachofanya kazi: waya huu unatoka kwenye koili, bomba hili linaleta petroli, fimbo hii inavuta kabureta ukikanyaga resi. Kijana akielewa hili, kompyuta baadaye ataielewa, kwa sababu atajua ile kompyuta inachukua nafasi ya kitu gani. Anayeanza na kompyuta anabadilisha spea hadi fedha za mteja ziishe.

Nikiombwa nitaje faida moja tu ya magari haya, nitataja hii ya Fundi, si ile ya Mwalimu. Mmiliki anayejitengenezea mwenyewe ni hadithi nzuri, ila wengi wanaoisimulia humpigia fundi simu kabla jua halijatua. Gari linalofundisha ni jambo jingine, maana faida yake haiishii kwa mwenye gari.

MPWA: Fundi, nikuulize bila kukuvunjia heshima. Gari likiwa rahisi kutengeneza, mbona lilikaa kwako muda mrefu baada ya Pasaka?

FUNDI: Dada, urahisi ni wa akili. Vifaa ni habari nyingine. Nati za gari hili si za milimita. Ni za kipimo cha zamani cha Kiingereza, Whitworth na BSF. Spana namba 14 inacheza, ndogo yake haiingii. Kijana asiyejua analazimisha, anaila nati kona zote, kisha anakuja na tindo. Nusu ya kazi ninayoifanya kwenye gari la Mwalimu ni kurekebisha walichofanya mafundi waliotangulia.

MWALIMU: Mwambie na la betri.

FUNDI: La betri nalo. Magari haya waya wa chanya ndio unaofungwa kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo. Mtu amezoea hasi kwenye bodi, anafunga redio mpya, moshi unatoka. Kuna aliyewahi kufunga redio humu?

MWALIMU: Tuendelee na mengine.

FUNDI: Spea zinapatikana, hilo nalo niseme. Uingereza kuna maduka yanayoishi kwa Land Rover za zamani, yanauza hadi chasisi mpya. Lakini ni kuagiza, ni nauli, ni forodha, ni kusubiri. Wenzetu wengi waliona tabu wakang'oa injini wakaweka ya dizeli ya Kijapani. Gari linakwenda, linakula kidogo, spea zipo Gerezani na Kariakoo, Dar.

MPWA: Basi na hili lifanyiwe hivyo! Mbona jibu lilikuwapo?

MWALIMU: Ukishang'oa injini, ukabadilisha giaboksi kwa sababu injini mpya haishikani na ya zamani, ukaweka ekseli nyingine kwa sababu giaboksi imekuwa na nguvu, umebaki na nini? Pua ya Land Rover na kadi ya usajili.

MPWA: Nimebaki na gari linalofika Dar.

Ubishi huu hauna hakimu. Wenye kiwanda wenyewe walipoanzisha mwaka 2016 mpango wa kukarabati Series I huko Solihull, walichagua upande wa Mwalimu: kila kitu kirudi kilivyokuwa, mteja alipe kwa uvumilivu na kwa mfuko mzito. Lakini upande wa Mpwa nao una heshima yake. Land Rover iliyobadilishwa mashine mara tatu na bado inapeleka mahindi gulioni inafanya kazi ileile iliyokusudiwa na Wilks. Iliyokarabatiwa hadi skrubu ya mwisho mara nyingi hufungiwa ndani isije ikachubuka. Kama ni kuheshimu kusudi la awali, mkweche wa mahindi unashinda. Kama ni kuhifadhi ushahidi wa namna watu walivyofikiri mwaka 1948, Mwalimu ana haki, na ushahidi ukishang'olewa na kuuzwa kwa mnunuzi wa chuma chakavu haurudi.

MPWA: Tuje kwenye jambo lililonileta hasa. Breki.

MWALIMU: Zinashika.

MPWA: Mjomba, wiki mbili zilizopita mama alipanda humu akarudi akanipigia simu saa tatu usiku. Anasema mlipofika kwenye mteremko ulikuwa unakanyaga mara mbili mara tatu.

MWALIMU: Ndivyo zinavyokanyagwa.

MPWA: Fundi?

FUNDI: Dada, breki zote nne ni za ngoma, hakuna diski. Mfumo wa mafuta ni mmoja kwa magurudumu yote. Bomba moja likipasuka, breki ya mguu imekwisha, mbele na nyuma. Halafu breki ya mkono haishiki magurudumu. Inashika shafti inayotoka kwenye giaboksi. Gari likiwa limesimama inashika vizuri kabisa. Lakini shafti ya ndani ya ekseli ikikatika, na kwenye gari hili hukatika, breki ya mkono inabaki pambo.

MPWA: Na tangi la petroli liko wapi?

FUNDI: Chini ya kiti cha dereva.

MPWA: Anakalia petroli!

MWALIMU: Lita arobaini na tano. Kituoni nanyanyuka, nainua mto, wananijazia. Vijana wa kituo hufurahi.

MPWA: Mikanda hakuna. Usukani umesimama kama mkuki umeelekea kifuani. Kwenye barabara ya Moshi kwenda Arusha kuna mabasi, kuna malori ya mizigo, kila mtu ana haraka. Wewe unakwenda hamsini.

MWALIMU: Vijijini sheria ni hamsini. Mimi ndiye ninayeifuata.

MPWA: Wanaokufuata wao hawaifuati. Na ukishindwa kusimama, anayegongwa si wewe, ni mwanafunzi anayevuka. Wewe umechagua gari la kale. Yeye hakuchagua.

Mpwa amesema lile ambalo wapenzi wa magari ya kale hulikwepa, nami niko naye bila masharti. Hasara nyingine zote humwangukia mwenye gari: fedha zake, mgongo wake, Jumamosi zake. Breki zinawahusu wapita njia. Nakiri kwamba nchi iliyoliunda gari hili inaona tofauti kidogo. Uingereza, tangu Mei 2018, gari lililozidi miaka 40 ambalo halijabadilishwa sana halilazimiki kupita ukaguzi wa kila mwaka, kwa hoja kwamba wenye magari hayo huyatunza na huyaendesha kidogo. Wengi hufanya hivyo. Hata hivyo naona ajabu kwamba gari lenye mfumo mmoja wa breki lisamehewe ukaguzi, na la juzi lenye kila kinga likaguliwe. Huku kwetu, ambako trafiki husimamisha gari la kale ili apige nalo picha, mwenyewe ndiye awe mkaguzi, na awe mkali.

MWALIMU: Mnazungumza kana kwamba gari hili ni kaburi. Mwaka 1955 vijana wa Oxford na Cambridge waliondoka London na Land Rover mbili za Series I wakaenda hadi Singapore. Kwa barabara! Jangwa, matope, milima ya Burma. Mwaka 2019 gari lile la Oxford, baada ya kuokotwa kisiwani Saint Helena likiwa hoi na kukarabatiwa, liliwasha likaondoka Singapore kurudi London. Na likafika. Sasa mimi mnanikataza Arusha.

MPWA: Mjomba, walikuwa vijana sita, magari mawili.

FUNDI: Na waliondoka na spea. Mwenye kiwanda akikupa gari na spea, hata mimi nafika Singapore.

MWALIMU: Arusha mwaka 2024, kwenye lile tamasha la Land Rover, mlikuwapo? Mji mzima ulijaa. Watoto walikuwa wanakimbia pembeni.

FUNDI: Nilikuwapo. Nyingi zilikuwa 109, 110, Defender. Za inchi 80 ungezitafuta kwa tochi.

MWALIMU: Ndiyo maana hili lisiuzwe.

MPWA: Au ndiyo maana liuzwe sasa. Likiwa adimu lina bei. Wazungu wanazitafuta.

Kuna hoja ya uwekezaji, na sitaipa nafasi kubwa kwa sababu naiona dhaifu kuliko zote. Land Rover ya kwanza kabisa kutoka kiwandani kwa ajili ya kuuzwa, chasisi namba 860001, ilikaa miaka mingi shambani Northumberland ikiliwa na kutu, kisha ikakarabatiwa na kuishia mikononi mwa tajiri Jim Ratcliffe. Watu husikia habari kama hiyo wakatazama turubai lao uani kwa jicho jipya. Lakini ile ni ya kwanza. Yako ni mojawapo ya maelfu, ina injini iliyofunguliwa mara nyingi, na nyaraka zake zina mihuri ya wilaya ambazo zimeshabadilishwa majina. Ukitoa gharama za chasisi, spea, forodha na Fundi, faida huyeyuka. Anayenunua gari la kale ili atajirike anunue kiwanja.

Na petroli? Kilomita saba kwa lita, nane ukiliendea taratibu, wala halichuji moshi wake. Zamani petroli ilitiwa risasi, ambayo ilisaidia viti vya valvu visilike. Afrika kusini mwa Sahara iliachana na petroli hiyo mwanzoni mwa 2006, kwa manufaa ya vichwa vya watoto wetu. Fundi anasema aliweka viti vigumu zaidi alipofungua injini, na kwa mwendo wa Mwalimu vitamzika yeye na wajukuu. Nalichukua kama lilivyo.

MPWA: Mjomba, ukiniambia ukweli nitaacha hesabu. Kwa nini hasa unalitaka?

MWALIMU: Nilipoanza kufundisha, gari la aina hii ndilo lililoleta vitabu shuleni. Lilisikika dakika nyingi kabla halijaonekana, likibadilisha gia pale kwenye kona. Gia ya kwanza na ya pili hazina msaada wowote, lazima ukanyage klachi mara mbili na kupiga resi katikati, la sivyo linasaga meno kijiji kizima kinakucheka. Dereva wake hakuwahi kusaga. Nikasema nami nitajua. Sasa najua. Gari lako la Dar linajibadilishia gia lenyewe, na wewe unatazama simu.

MPWA: Sitazami simu.

MWALIMU: Ukiwa kwenye foleni.

MPWA: Kwenye foleni, ndiyo.

FUNDI: Dada, mimi nina ombi. Likiuzwa likaenda Ulaya, mimi nitapata kazi nyingine, sifi njaa. Lakini vijana wangu watajifunzia wapi? Likibaki, liwe la Jumapili na la kujifunzia. Lisiende barabara kuu usiku. Lisibebe watoto nyuma.

MWALIMU: Na harusi?

FUNDI: Harusi za hapahapa.

MPWA: Nakubali kwa sharti moja. Silipii rangi, silipii kiti, silipii taa za mapambo. Nalipia breki: silinda zote, viatu vyote, mabomba yote mapya, na mikanda miwili mbele. Mpaka hizo zifungwe, ufunguo unakaa kwa mama.

MWALIMU: Kwa dada yangu? Yeye ndiye aliyekupigia simu!

MPWA: Ndiyo maana.

MWALIMU: Na rangi ikibaki fedha?

MPWA: Haitabaki.

FUNDI: Mikanda itahitaji pa kuifunga, dada. Ule ukuta wa nyuma ya kiti ni aluminiamu, hautashika mtu. Lazima nichomelee chuma hadi kwenye chasisi, na kabla ya hapo nijue chasisi yenyewe ikoje kwa ndani. Nitaigonga kwa nyundo yote. Ikitoboka, bei inabadilika.

MPWA: Igonge leo, mbele yangu.

MWALIMU: Leo?

MPWA: Nimechukua likizo. Na Fundi, za breki unaagiza kwa fedha taslimu au baada ya kazi?

FUNDI: Kabla. Wale wa Uingereza hawanijui.

MPWA: Nitahitaji risiti.

FUNDI: Ya Uingereza utapata. Yangu nitakuandikia kwenye daftari.